Kungumanga Zilizo Hai

Saa tatu asubuhi. Chumba cha nyuma, mlango umekomewa.

Mizani aliweka kungumanga mbili mezani, mbele ya dada yake na shemeji yake. Nyeupe na kahawia.

"Nyeupe imechovywa chokaa. Imekufa. Ukiipanda, utazeeka ukiisubiri. Kahawia ni hai. Kampuni ilivuka bahari kwa uchu wa dhahabu na viungo, ikafyeka miti ya baba ili iuze peke yake. Leo tunachukua mbegu."

Alikuwa mpimaji wa ghala la kampuni, ndiyo maana wakamwita Mizani. Dada yake alichota maji ya ghala hilo hilo. Mume wa dada ndiye aliyechovya kungumanga, viganja vimepasuka kwa chokaa miaka saba.

"Saa sita walinzi wanakula. Shemeji, acha gunia moja bila kulichovya. Natoka nalo lango la nyuma."

"Wakikukamata?"

"Kitanzi. Unaogopa?"

"Nimemuoa dada yako. Nitaogopa nini tena?"

Dada alimtandika mumewe kofi begani. Wakacheka. Wakapeana mikono.

Kiganja cha shemeji leo kilikuwa laini. Kilinukia mafuta ya karafuu, yale anayopaka msimamizi wa ghala.

Mizani alikiachia, akafungua mlango.

Saa tano na nusu. Penye mapipa ya maji.

"Dada, mumeo ametuuza. Mikono yake inanukia msimamizi."

Dada aliuma mdomo. "Mafuta yale nilidhani ni ya mwanamke. Heri angekuwa mwanamke."

"Tuache?"

"Tuache nini? Miti ilikuwa ya baba yangu pia. Lete hizo mbegu."

Saa sita kamili. Lango la nyuma.

Bunduki nne zilimngoja Mizani. Kitako kimoja kikamvunja meno. Msimamizi akapasua gunia kwa kisu. Kungumanga zikamwagika.

Nyeupe. Zote.

"Zilizo hai ziko wapi?" msimamizi alimfokea shemeji.

"Nililiacha gunia, bwana mkubwa! Naapa, nililiacha bila kulichovya!"

Mizani alitema damu juu ya kiatu cha msimamizi. "Nyonga, bwana. Mti haunyongwi."

Lango la mbele alibaki mlinzi mmoja, tonge mkononi. Dada akafika, mtungi kichwani.

"Mama, maji huwa unaingiza. Leo unayatoa?"

"Yameingia chokaa. Nakwenda kumwaga. Au utakunywa wewe?"

Mlinzi alicheka, akampisha.

Chini ya maji, mbegu arobaini za kahawia, zile Mizani alizozitoa guniani, ziligongana taratibu. Nyuma ya ghala, mumewe alikuwa akilia kwa sauti, akimwita mkewe kwa jina. Dada alikaza shingo chini ya mtungi, akashika njia ya mlimani.