Lori Lililokuja Zito

Rufus alikuwa amelala kifudifudi juu ya kontena, darubini machoni, bastola ya Glock kiunoni. Bati la moto lilimchoma tumbo. Hakujali.

Alikuwa anamtazama Dancan.

Chini, ukingoni mwa Nile, mwenzake huyo alishika chupa ya sampuli kwa mkono uleule uliomvisha Janet pete ya uchumba.

"Moja, uko sawa?" Sauti ya Janet, mkuu wa kikosi chao, ilitoka laini kwenye redio ya Motorola.

"Niko sawa," Dancan alijibu.

"Mbili, ripoti." Kavu kama mkate wa juzi.

Mbili alikuwa Rufus.

Keshokutwa miji na viwanda vya bonde zima vingegawana vibali vya kumwaga majitaka. Kwanza mto upimwe, ijulikane unaweza kubeba uchafu kiasi gani. Kisha kila mmoja apewe fungu lake, na anayesafisha vizuri amuuzie jirani fungu analobakiza. Lakini kampuni moja ya kigeni ilikuwa imeshalimbikiza vibali vya zamani. Sampuli ikitoka chafu, vipya havitatolewa. Wachinjaji na watengeneza sabuni wa mtaa wa Munuki wangeipigia magoti kampuni hiyo iwauzie vyake.

Fununu zilisema kuna mtu ataichafua sampuli.

Rufus alimwomba Mungu awe Dancan.

Mara Dancan akainua chupa iliyojaa, akaimwaga yote.

Moyo wa Rufus uliruka kwa furaha. "Moja amemwaga sampuli! Naomba ruhusa ya kumkamata."

"Nasuuza chupa, kaka," Dancan alisema. "Siuzi nchi."

"Mbili," Janet akaongeza, "chupa husuuzwa kwa maji ya mto wenyewe kabla ya kujazwa. Kila mpimaji anajua."

Masikio ya Rufus yaliwaka moto. Kwa aibu akaigeuza darubini, itazame kitu kingine chochote.

Ikatua kwenye lori la maji la bluu, hatua chache kutoka kwa Dancan, upande maji yanakotoka. Malori hayo hushinda yakiteka mtoni na kuuza maji mitaani. Huja mepesi, huondoka mazito. Hili lilikuwa limekuja zito, matairi yamebonyea. Sasa yalikuwa yakinyanyuka.

Halikuwa linateka. Lilikuwa linamwaga.

Akaruka chini, akalikimbilia lori.

Mlinzi wa lori alichomoa bastola. Rufus akamtia kiwiko cha koo, silaha ikatumbukia majini. Akafunga koki. Uvundo wa majitaka ulimjaa puani.

"Mimi iko dereva tu, boss!" dereva alilia, mikono juu. "Uliza kawaja, ile mzungu ya kampuni!"

"Tutamuuliza. Wewe utatuonyesha mlango wake."

Pingu zikalia mikononi mwa dereva na mlinzi.

"Moja, uko salama?" Janet aliita.

Moja. Tena.

Dancan alifika akihema. "Umeniokoa, kaka. Na sasa hivi tu ulitaka kunifunga."

"Nilitaka."

Dancan akacheka, kisha akaacha. Akamwaga chupa yake mchangani. "Ya leo imeharibika. Kesho asubuhi tunapima upya. Utakuja kulinda mto, ama kunivizia mimi?"

Rufus akamkabidhi wale wawili, akapanda ukingo kuelekea steji ya boda boda, taratibu, bila kugeuka.

"Bado sijaamua."