Mashine ya Kola Ina Ugonjwa Gani?

"Imekufa tena?"

"Imekufa."

"Mbona inapumua?"

"Basi iko mahututi. Kaa ufanye kazi yako, fundi."

Fundi akavuta kigoda, akailaza cherehani yangu chali, akatoa bisibisi na kuanza kukaza kitu kilichokuwa kimekazwa tangu jana. Mimi nikanyoosha mgongo na kufumba macho. Ukitaka kujua utamu wa dakika hizo, shona kola mia tano kwa siku, halafu uje tuongee.

Kwenye kiwanda chetu cha mashati, ukisimama tu unaulizwa unakwenda wapi. Njia pekee ya kupumzika ilikuwa mashine kuharibika: unatundika kitambaa chekundu, fundi anakuja. Kwenye laini nyingine za ushonaji, wanawake walikuwa wanaacha kazi kila wiki. Leo unamzoea jirani, kesho kiti chake kina mgeni. Sisi wa laini ya nne tulikuwa na bahati, maana fundi wetu alishatunong'oneza, "Ukizidiwa, tundika. Ugonjwa nitautafuta mimi."

Shida yangu ilikuwa moja tu. Nilimpenda. Na yeye huruma yake aliigawa kwa kila mtu, kuanzia mimi hadi Mama Vifungo mwenye wajukuu wanne.

"Huyo anakupenda," Mama Vifungo aliniambia, akishona vifungo bila hata kuangalia.

"Anawapenda wote."

"Mimi hanitazami hivyo. Na nimejaribu!"

Nilicheka, lakini mfukoni mwa aproni nilikuwa na barua ya kuacha kazi. Mabega yalikuwa yamechoka, na moyo nao. Nilijiwekea siku: Ijumaa. Asiponiambia neno mpaka Ijumaa, naondoka zangu.

Jumatano jioni simu ikalia. Meseji yake, akiniita kwa jina langu la kiwandani.

"Kola, umefika salama? Usisahau kukanda bega kwa maji moto."

Nikajibu: "Nimefika. Kuna lingine?"

"Hapana, ni hilo tu."

Nikaitupa simu kitandani. Mwanaume ana mdomo, ana simu, na bado ni hilo tu!

Alhamisi asubuhi, Bosi, meneja wetu, mama asiyecheka ovyo, akaingia na wapagazi wawili na boksi kubwa.

"Kola, cherehani yako imezidi kuharibika. Nimekuletea mpya."

Laini nzima ikaniangalia kwa huruma. Mpya! Sasa nitapumzikaje?

Nilijikaza mpaka saa saba mchana. Bega likawaka moto, nikatundika kitambaa. Fundi akaja mbio. Bosi akaja nyuma yake.

"Mashine imetoka kwenye boksi leo asubuhi. Inaumwa nini?"

"Uzi," nikasema.

"Sindano," fundi akasema papo hapo.

"Ofisini. Wote wawili. Na daftari la matengenezo."

Bosi akavaa miwani, akafungua daftari. Fundi wangu ni mtu mwaminifu, na uongo haujui. Magonjwa alikuwa ameyatunga yote, lakini dakika aliandika za kweli.

"Mashine ya vifungo, dakika kumi," Bosi akasoma. "Ya mifuko, kumi. Ya mikono, kumi. Ya kola, ishirini na tano. Jana ishirini na tano. Juzi thelathini! Fundi, mashine ya kola ina ugonjwa gani?"

Fundi akaweka bisibisi mezani.

"Haina ugonjwa, Bosi. Miezi minne hii hakuna hata moja iliyougua. Nilikuwa nawapumzisha."

"Na hizi ishirini na tano?"

"Hapo mgonjwa ni mimi."

Masikio yakaniwaka moto.

"Nifukuze mimi, yeye umwache," akaendelea. "Ila kwanza hesabu watu. Tangu mwaka uanze, laini nyingine wameondoka wanawake kumi na tisa. Laini ya nne hajaondoka hata mmoja."

"Kesho angeondoka mmoja," nikasema, nikaweka barua mezani.

Fundi akanigeukia, uso umempauka.

"Kola! Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie saa ngapi? Kila siku unauliza hali ya bega. Hali ya moyo umewahi kuiuliza?"

"Niliogopa. Ukinikataa, ningekosa hata hizo dakika."

"Mwanaume mzima!"

"Ndiyo, mwanaume mzima. Nakupenda na naogopa, vyote viwili."

"Na mimi nipo hapa," Bosi akakohoa.

Akaisoma barua yangu. Ilikuwa na mstari mmoja: Naacha kazi kwa sababu sipumziki. Akaikunja.

"Kila mwezi nafundisha wageni," akasema. "Wakishajua kazi, wanaondoka. Nilidhani ni wavivu." Akavua miwani. "Kuanzia Jumatatu, laini zote zitapumzika robo saa asubuhi na robo saa mchana. Fundi, umenidanganya, kwa hiyo kengele ya mapumziko utapiga wewe. Ukichelewa, kiwanda kizima kitakushughulikia. Na hii barua?"

"Naomba nirudishiwe, Bosi."

Ijumaa asubuhi meseji ikaingia: "Mama anauliza, akileta posa Jumapili, mjomba wako atakuwepo nyumbani?"

Mjomba ndiye aliyenilea, na jibu hilo halikuwa la kuandika kwenye simu. Nilitundika kitambaa chekundu.

Akaja mbio, kigoda kwapani.

"Imekufa?"

"Nzima kabisa. Lete daftari."

Kwenye safu ya mashine nikaandika: Kola. Kwenye tatizo: Hakuna, mjomba atakuwepo. Kwenye muda: Maisha yote.

Akasoma mara tatu. Bisibisi ikamdondoka.

Mama Vifungo akachungulia begani kwake.

"Andikeni na saa ya kuanza," akasema. "Huyu asije akatuweka miezi minne mingine."