Mikwaju Miwili

Likizo ile, kila asubuhi Gloria alimaliza kuosha vyombo, kisha akafungua kompyuta ya shangazi yake, Pelagia, nyumbani kwao Kitaji. Shangazi alikuwa muuguzi. Gloria alikuwa darasa la saba, na kwa kompyuta alijiona fundi.

"Nitolee majina ya watoto wote wa Bukima," shangazi alimwambia. "Kesho tunawapa dawa ya kichocho. Vidonge nabeba kwa hesabu yako."

Faili lilikuwa la XML, yaani taarifa moja hukaa ndani ya nyingine: mji, yaani boma la familia moja, ndani yake nyumba, ndani ya nyumba mtoto. Gloria aliandika njia: mji/nyumba/mtoto. Yakatoka majina arobaini na moja.

"Umehakiki?"

"Ndiyo, shangazi." Hakuwa amehakiki hata kidogo. Wenzake walikuwa wanamsubiri kwenye mchezo wa rede.

Kesho yake wakaenda Bukima pamoja, na kompyuta wakaibeba. Watoto walikunywa uji, wakapimwa urefu, wakameza dawa. Ndipo Bibi Nyamburi akafika na mjukuu wake Mseti, aliyejishika tumbo. Jina lake halikuwamo.

"Si mlikujaga kutuandika?" bibi aliuliza. "Au sisi wa nyumba ya ndani siyo watu?"

Gloria akafungua faili. Nyumba ya bibi iliandikwa ndani ya nyumba ya mwanawe, na Mseti alikuwa humo. Angeweza kumsingizia aliyeandika. Akamtazama Mseti, akaona aibu.

"Shangazi, nilikudanganya. Sikuhakiki. Njia yangu iliishia nyumba ya kwanza."

"Basi hapa inatakiwa mikwaju miwili."

Gloria akaficha mikono mgongoni. Shangazi akacheka, akabonyeza mara mbili ile alama iliyokaa kati ya mji na nyumba: //mtoto. "Mkwaju ndio huu. Ukiwa miwili, unamtafuta mtoto popote alipo, hata nyumba ikiwa ndani ya nyumba."

Majina yakawa hamsini na matatu. Shangazi akapiga simu, na vidonge vikaletwa kwa pikipiki. Gloria aliwafuata wale watoto wengine kumi na mmoja mwenyewe, kwa miguu, mji kwa mji. Mseti alimeza dawa yake wa kwanza.

"Kompyuta ilijibu ulichoiuliza," shangazi alisema wakirudi. "Wewe nilikuuliza, hukunijibu kweli. Kosa la njia tungelirekebisha jana ile ile. Ile 'ndiyo' yako ndiyo ingemwacha Mseti na ugonjwa wake."

Siku iliyofuata ikawa zamu ya orodha ya Bugwema. Nje, wenzake walikuwa wanamwita kwenye rede.

"Umehakiki?" shangazi aliuliza.

"Bado, shangazi," Gloria alijibu, akaendelea kusoma jina kwa jina.