Kochi Alilonipa Tausi

Jua lilikuwa linazama nilipotoka dukani na chupa ya dawa ya kunguni. Haikuwa ya kwanza. Kochi nilishalianika juani, nikalimwagia maji ya moto kwenye mishono, nikalipulizia kila dawa inayouzwa hapa Kigombe. Kunguni hawakufa. Na waliniuma mimi tu. Mume wangu Rahimu alijilaza palepale, akaamka hana hata kipele.

Kochi lile alinipa Tausi. Hatukuzaliwa tumbo moja, ila tulinyonya ziwa moja. Mamake alifariki akimzaa, mama yangu akamnyonyesha. Binti yangu Samira alipokufa kwa kifua, hata kuachishwa ziwa bado, Tausi alikuwa miongoni mwa waliomwosha. Ndiye aliyeichukua kanga niliyombebea, akasema ataizika nisiione nikaumia. Arobaini ilipopita akaniletea kochi.

"Keti hapa upumzike, dada."

Haukupita muda akashika mimba, yeye aliyehangaika miaka na miaka. Akahamia Horohoro kwa mumewe, akajifungua salama. Nilifurahi kama nimezaa mimi.

Basi jioni ile nikaliburuta kochi hadi uani. Nikalipindua, nikachana kitambaa cha chini kwa wembe.

Sauti ikatoka ndani, kama mchele unamiminwa ungoni...

Kunguni. Wamevimba damu. Hawakukimbia mwanga wa simu. Wote walikuwa wanaelekea mahali pamoja, katikati ya mgongo wa kochi. Ikanipanda puani harufu ya karafuu maiti.

Nikatia mkono kwenye sponji.

Kulikuwa na kitu kimefungwa. Laini. Kina joto.

Nikakivuta. Ilikuwa kanga ya Samira, imelowa. Kunguni walikuwa wakiifikia wanapasuka, na damu yao, damu yangu, inafyonzwa na kitambaa.

Kisha ile kanga ikakohoa.

Niliitupa mchangani. Nikampigia Tausi.

"Tausi, umeweka nini kwenye kochi?"

Nyuma yake mtoto analia.

"Umelifungua?" akanong'ona.

"Uliniambia umeizika!"

"Nilikuwa natafuta mtoto, dada. Mganga akaniambia Samira hajafika mbali, anaweza kurudi tumboni mwangu... ila lazima aendelee kulishwa na mamake."

"Kwa damu yangu?"

"Ningekuomba ungekubali?"

"Hukuniomba, Tausi."

"Irudishe. Nakusihi. Mtoto anageuka rangi..."

Mtoto akakohoa ndani ya simu. Na pale chini, wakati uleule, kanga nayo ikakohoa. Kikohozi nilikijua. Nilikesha nacho mpaka kilipokatika.

"Mlete," nikasema. "Huyo ni wangu. Mlete nyumbani."

Simu ikakatwa. Mpaka leo haipatikani. Wapo wanaosema wamevuka kwenda Pemba, wengine wanasema Mombasa.

Rahimu anataka kochi lichomwe moto. Shekhe alikuja akalisomea, naye akasema lichomwe. Nikamuuliza, je, yule mtoto atapatwa na nini? Akafunga msahafu wake, akaaga.

Halijachomwa. Kanga niliirudisha mwenyewe, nikashona.

Kila nikishaswali magharibi nakaa. Wananiuma. Siwafukuzi... maana wakishashiba, mgongoni mwangu, ndani ya sponji, namsikia anacheka.