Kitabu Kisicho na Maiti

"Mbona hakuna maiti?" mke aliuliza bila kuinua macho kwenye karatasi.

"Hakuna," mumewe alijibu.

"Niko ukurasa wa sitini. Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Endelea tu kusoma."

Alikuwa na haki ya kuuliza. Mumewe ndiye yule ambaye wasomaji walimpachika jina la Bwana Maiti. Riwaya tisa za upelelezi, na zote zinaanza na mtu amelala sakafuni haamki. Zote tisa zilipita mikononi mwa mkewe, mhariri mwenye kalamu nyekundu isiyo na huruma. Walijuana kwa njia hiyo hiyo. Mwandishi alikuja ofisini na mswada wake kwenye mfuko wa plastiki, mhariri akamwambia muuaji anajulikana tangu sura ya tatu. Akaenda, akarekebisha, akarudi. Akarudi tena siku nyingine hana cha kurekebisha. Sasa ilikuwa miaka kumi na miwili ya ndoa.

Kitabu hiki cha kumi kilikuwa cha binti mchawi asiyejua kuroga. Kaitwa ikulu amwoteshe nywele mfalme mwenye upara, badala ya nywele zikaota nyasi, na kabla ya saa sita mchana mbuzi wa mji mzima wako mlangoni. Kuna jitu refu kama mnara linaloogopa kuku. Kuna punda waziri.

Mhariri alifika kwenye mbuzi, mabega yakaanza kumtikisika.

"Umecheka," mumewe alisema kutoka mlango wa jikoni, kitambaa cha vyombo begani.

"Nimekohoa."

"Sawa. Pole na kikohozi."

Lakini kadiri alivyosoma, kuna kitu kilianza kumchoma. Yule binti mchawi alimwita kila mtu "jirani", awe mfalme au punda. Akicheka, hafuniki mdomo, anafunika macho. Mhariri alishasoma watu wa kubuni wa kutosha. Huyu hakubuniwa. Huyu aliangaliwa, tena kwa muda mrefu, na mtu asiyechoka kumwangalia.

"Huyu mchawi umemtoa wapi?"

"Kichwani," mumewe alijibu, haraka mno.

Jumatatu, mkurugenzi wa shirika la uchapishaji alimwita mhariri ofisini kwake.

"Nimesoma sura tatu, nimecheka kama mwendawazimu," alisema. "Mumeo kapendekeza mchoraji wa jalada. Namba hii hapa, ongea naye."

Mhariri alirudi mezani kwake, akapiga.

"Haloo, jirani," sauti ya kike ilipokea, ikifuatiwa na kicheko.

Mhariri alishika ukingo wa meza.

"Naongea na mchoraji?"

"Ndiye mimi. Nani mwenzangu?"

"Mhariri. Kuhusu jalada la kitabu cha mchawi."

"Ah, shemeji. Nimekusikia sana. Mumeo ananisomea kila sura akimaliza. Kila Jumatano akija hapa karakana, tunacheka mpaka nashindwa kushika brashi."

"Kila Jumatano."

"Tangu mwaka jana. Hajakwambia?"

Kwa miezi kumi na minne, mumewe alimwambia Jumatano ni siku yake ya maktaba.

"Kaniambia," mhariri alisema. "Nitakutumia vipimo vya jalada."

Alirudi nyumbani mchana ule ule. Mumewe alikuwa anaanika nguo uani.

"Leo umewahi."

"Nimeongea na mchoraji wako."

Mume alilirudisha shati kwenye beseni polepole.

"Umelala naye?"

"Hapana. Sijamgusa hata mkono. Hakuna kitu kati yetu, mke wangu."

"Unampenda?"

Mume aliinamia beseni. Maji yalidondoka kutoka kwenye shuka, tone baada ya tone.

"Mwenyewe anajua?"

"Hajui. Ana maisha yake. Na sitamwambia."

"Basi afadhali ungelala naye," mhariri alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Hilo ningejua pa kulilia. Ningekufukuza, ningekutukana, ningekusamehe. Lakini hiki ulichofanya nakianzia wapi? Miaka kumi na miwili mimi ulinipa damu na visu. Yeye ukampa mbuzi wa ikulu."

"Mbuzi nilikupa wewe kwanza."

"Lini?"

"Kitabu cha pili. Kulikuwa na inspekta anayeogopa mbu. Ukamkata. Pembeni ukaandika, 'Hii siyo wewe.' Cha nne, mjane anayemfokea mbwa kwa lugha ya kanisani. Ukakata. Cha saba ukakata kurasa nane nzima. 'Wasomaji wako wanataka maiti,' ukaniambia. Nikawapa maiti."

"Nilikuwa nafanya kazi yangu."

"Najua. Lakini mimi sikuwa nawaandikia wasomaji yale. Nilikuwa nataka ucheke."

"Ungesema."

"Nilisema, mke wangu. Mara tisa."

Mhariri aliketi kwenye ngazi ya mlango wa uani. Alimkumbuka yule inspekta vizuri. Alikumbuka hata kwamba alitabasamu kabla ya kumpiga mstari mwekundu.

Mume alikuja kuchuchumaa mbele yake.

"Nakifuta," alisema. "Kesho namwandikia mkurugenzi. Karakana sitakanyaga tena. Naanza kingine, na maiti ukurasa wa kwanza, kama zamani."

"Ndicho kitabu kizuri kuliko vyote ulivyoandika."

"Sikitaki kama kinakuondoa."

"Ukikifuta, kila asubuhi nitaamka pembeni ya mtu niliyemzima mara mbili. Sitaweza." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Nitakihariri. Nikimaliza, nitaenda kwa dada."

"Kwa muda gani?"

Mhariri aliinuka, akaingia ndani kutafuta kalamu yake.

Wiki tatu alikaa na ule mswada. Alimaliza siku ya Ijumaa, akapanga nguo kwenye masanduku mawili, akaondoka mumewe akiwa amesimama kibarazani hajui aweke wapi mikono.

Baada ya siku kumi, simu yake ililia, ujumbe wa mumewe.

"Nimeacha kwenda Jumatano. Naomba urudi."

Akaandika: "Najua umeacha. Jumatano siyo inayoniuma."

"Kwenye mswada umebadilisha nini?"

"Koma kumi na mbili, na jina la mto uliloliandika namna mbili."

"Na vichekesho?"

"Sijakata hata kimoja."

Alama za kuonyesha kwamba mumewe anaandika zilitokea, zikapotea, zikatokea tena, zikapotea kabisa.

Kitabu kilitoka, kikapendwa na watu wazima na watoto. Jumamosi moja asubuhi dada yake alikuwa amejinyoosha kwenye kochi anakisoma, huku mhariri anapiga pasi karibu na dirisha. Dada hakuambiwa kilichovunja ndoa, na kwa heshima hakuwahi kuuliza. Ila alipofika katikati alishindwa kujizuia, akacheka mpaka kitabu kikamwanguka kifuani.

"Kumbe shemeji anachekesha hivi? Mbona hamkusema? Mwenzangu, nyumba yenu si ilikuwa watu wanavunjika mbavu kila siku?"

Mhariri aliinua pasi, akaisimamisha pembeni.

"Ulikuwa unacheka wapi hapo?"

"Hapa jitu linapojificha juu ya mti kisa kifaranga."

"Nisomee."

Dada akasoma. Mhariri alicheka. Alicheka kwa sauti, akashika meza, akasema, "Endelea, endelea." Dada akaendelea kusoma, yeye mwenyewe akicheka, hakuinua macho upesi. Alipoyainua, mdogo wake alikuwa ameegemea ukuta, uso kwenye shati alilokuwa analipiga pasi, na mabega yalikuwa bado yanatikisika.