Sauti ya Hélène na Vitufe vya Papa Germain

Katika mtaa wa Kikula, mjini Likasi, asubuhi huanza na makaa. Sephora anapuliza mbabula, lile jiko la bati lenye matundu, mpaka makaa yawe mekundu. Anamchemshia baba yake chai. Anapanga samaki wadogo wakavu ndani ya beseni lake la biashara. Halafu, kabla ya kwenda sokoni, kuna kazi moja ya mwisho. Anafungua sauti ya mama.

“Leo papa anataka gani?” anauliza huku akikaza kitenge kiunoni.

“Ile ya viatu,” anasema Papa Germain.

Sephora anasukuma kipanya cha kompyuta, anabonyeza, na sauti ya mwanamke inajaa chumbani.

“Germain! Vile viatu vya misa, usivivae kwa soko! Minye niko Kakanda, lakini nakuona.”

Papa Germain anatazama chini. Hacheki. Anaogopa kucheka mbele ya mtoto wake, maana akicheka machozi yatafuata. Sephora amesimama mlangoni na beseni kichwani. Anangoja. Sauti ikiisha, anazima na kuondoka. Papa anabaki na siku nzima, na kompyuta iliyonyamaza.

Ile ni sauti ya Hélène, mke wake. Miaka yake ya mwisho Hélène alikuwa akiuza vitenge Kakanda, kwenye machimbo. Akikosa nafasi ya kurudi Likasi, alituma sauti kwa simu. Alituma habari, alituma matusi madogo ya mapenzi, siku nyingine alituma wimbo wa kwaya. Halafu aliugua, akafa. Simu ilipoanza kuharibika, Sephora alihamisha zile sauti zote kwenye kompyuta mpakato ya zamani aliyonunua mtaani. Alifanya vizuri. Ila kitu kimoja hakukiwaza. Nani atazifungua akiwa sokoni?

Papa Germain mwenyewe hawezi. Mikono yake inatetemeka. Ugonjwa ulianza polepole alipopumzika kazi kiwandani, ambako aliendesha kreni ya kubebea vyungu vya shaba ya moto. Daktari anampa dawa, na dawa inapunguza, lakini haimalizi. Akigusa kioo cha simu, kidole kinagonga mahali pengi kwa mara moja. Akishika kipanya, ule mshale kwenye kioo unarukaruka kama panzi.

Siku moja rafiki yake Mukendi alikuja kumsalimu. Walifanya kazi pamoja zamani. Mukendi akaona papa anapigana na kipanya, akapiga makofi kwa kicheko.

“Bwana! Weye uliendesha chungu ya moto juu ya vichwa vya bantu, hakuna hata muntu moja aliungua. Leo kapanya kanakushinda?”

“Cheka tu,” alisema Papa Germain. “Kako na wepesi sana. Nikikagusa kidogo, kamekimbia.”

“Njo ile! Kanakosa uzito!”

Mukendi akatazama huku na huku. Juu ya kabati palikuwa na jiwe la kijani, lile la shaba, ambalo nyumba nyingi za Likasi huliweka kuwa pambo. Akalichukua. Wakaliweka juu ya kipanya, wakalifunga kwa mpira wa gurudumu la baiskeli. Wazee wawili, kazi ya fundi. Kipanya kikawa kizito kama tofali.

Na kweli, mshale ulitulia. Mukendi akasimama, akacheza hatua kidogo.

“Bonyeza sasa! Fungua bibi yako!”

Papa Germain alitaka sauti ya mvua. Ndiyo aliyoipenda kuliko zote, kwa sababu ndani yake Hélène anacheka. Akabonyeza. Lakini jiwe lilituliza kipanya tu, halikutuliza kidole. Kidole kikagonga upande usiotakiwa, kikagonga tena. Kwenye kioo yakatokea maneno madogo. Papa akajaribu kuyaondoa. Kidole kikagonga tena.

Sauti ya mvua ikatoweka kwenye orodha.

“Iko wapi?” aliuliza Mukendi.

Papa Germain aliweka mikono yote miwili juu ya magoti, akaitazama kama vile si yake.

Jioni Sephora alirudi akamkuta hajala. Alipoambiwa habari, hakugombana. Alikwenda moja kwa moja nyumba ya pili, kwa Providence. Providence ni mwanamke anayetengeneza programu za kompyuta, zile ambazo maduka ya dawa hutumia kuhesabu mali. Alikuja na kandambili miguuni, mikono bado ina unga wa bukari, yaani ugali.

“Jambo, papa.”

“Jambo, mama Providence. Nimeua bibi yangu mara ya pili.”

“Papa, usiseme vile. Acha nitazame kwanza.”

Akaliona jiwe juu ya kipanya. Akajizuia, akashindwa, akacheka, na Sephora akacheka naye. Hata papa akatikisa kichwa. Halafu Providence akafungua mahali ambapo kompyuta huweka vitu vilivyofutwa.

“Tazama. Kitu ukikifuta, mara mingi kinakaa kwanza huku, sawa takataka ndani ya ndoo. Kama bado hauyamwanga ndoo inje, unakiokota. Sauti ya mvua ni hii. Imerudi.”

Papa Germain alivuta pumzi kubwa. Providence akachukua kadude kadogo ka kuhifadhia, kale kanakoning'inizwa na funguo, akanakili sauti zote.

“Hii Sephora akaweke nyumba ingine. Kitu ya kupenda, isikae fasi moja tu.”

Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuuliza. “Papa, juu ya nini unataka kufungua weye mwenyewe? Sephora si anakufungulia kila asubuhi?”

Papa akangoja mpaka Sephora ametoka kuangalia mbabula.

“Kuko maneno ya muntu na bibi yake,” alisema polepole. “Mutoto anasimama pale na beseni ku kichwa. Minye nasikia Hélène, lakini nasikia na haraka ya mutoto. Natafuta kukaa na bibi yangu peke yetu. Kasaa kadogo tu.”

Providence alikuwa anatazama jinsi papa anavyokunywa chai. Alilibeba kopo kwa mikono miwili, viwiko vimebanwa kwenye mbavu. Chai haikumwagika.

“Mikono mbili zikishikana, zinatulia?” aliuliza.

“Zinatulia kidogo. Zinasaidiana.”

Kesho yake Providence alileta maneti. Ni kile kifaa ambacho vijana hushika kwa mikono miwili wakicheza mpira kwenye televisheni. Kina vitufe, na kina kijiti cha kusukuma kwa kidole gumba.

“Ile ya bapetit ba mupira?” Sephora alishangaa. “Papa atacheza?”

“Hatacheza. Atafungua sauti.”

Lakini mara ya kwanza Providence alikosea. Alipanga kile kijiti kisukume mshale uleule wa kipanya. Papa akasukuma, mshale ukakimbia kama mbuzi aliyekata kamba. Akaurudisha, ukapita. Jasho likamtoka. Mwisho akaiweka maneti mezani.

“Tuache, mutoto yangu. Sephora ataendelea kunifungulia.”

“Papa, subiri. Kosa haiko mikono yenu. Kosa ni yangu. Nimebadilisha kifaa, lakini nimeacha kazi ileile ya zamani. Mshale unataka muntu alenge shabaha kadogo. Weye hauna lazima ya kulenga. Unaruka tu, toka kitu moja mpaka kitu ingine.”

“Kuruka namna gani?”

“Ukibonyeza chini mara moja, unaenda kwa sauti inayofuata. Unasimama pale. Haupiti. Hata mukono itetemeke, unabaki pale.”

Papa Germain akainua kichwa. “Sawa kreni yetu! Ile mukono wa chuma ilikuwa na meno. Ukisukuma, inaingia kwa jino. Haiteleze.”

“Voilà! Njo ile, papa. Tutatia meno ndani ya programu.”

Providence akarudi nyumbani kwake, akaandika programu mpya. Alipoileta, aliwaeleza taratibu, na mimi nayaweka hapa maneno yake, maana yanamfaa kila mtu anayetengeneza programu na kila mtu anayeitumia.

Kwanza, lazima mtu ajue yuko wapi. Kwa hiyo ile sauti iliyochaguliwa ina fremu nene ya manjano, inaonekana hata ukiwa mbali. Kitufe cha kijani kinafungua. Kitufe chekundu kinarudisha nyuma, siku zote, popote ulipo. Maana ya kitufe haibadilikibadiliki.

“Na kama kidole inagonga mara mbili?” aliuliza Papa Germain.

“Programu inahesabu mara moja. Kidole ikigonga tena haraka sana, haiifuate.”

“Na kufuta?” Sephora aliuliza. Hilo ndilo lililomtia hofu.

“Fasi ya kufuta nimeiweka mbali na ya kufungua. Na hata ukifika pale, programu itauliza kwanza, na fremu itakaa juu ya ‘Hapana’. Muntu akigonga bila kutaka, hakuna kitu kinapotea.”

“Na umeme ukikatika? Huku unakatikaka bila kuaga,” aliongeza Sephora.

“Ukirudi, programu ikifunguliwa, fremu inakaa palepale papa aliishia.”

Papa akajaribu. Chini, chini, kijani. Hélène akaanza kuimba. Chekundu. Akanyamaza. Chini, kijani. “Germain, umekula?” Papa akainua maneti juu kama mtu aliyeshinda kombe, na Mukendi, ambaye alikuwa amekuja kuona, akapiga mluzi.

“Kumbe jiwe yangu ilifanya nusu ya kazi tu!” alisema.

“Jiwe yako irudi ku kabati,” alisema Sephora. “Ikae na aibu yake.”

Wakati wakicheka, kioo kikatoa kidirisha kidogo: betri ya kompyuta inakaribia kuisha. Papa akabonyeza chekundu. Hakikuondoka. Kijani. Hakikuondoka. Kidirisha kile kilitaka kipanya.

“Nimefungwa,” alisema papa, na uso ukamshuka.

Providence akajipiga paji la uso. “Tena minye. Mulango moja nimesahau. Kama kitu moja tu inabaki inataka kapanya, kazi yote ni bure, kwa sababu ile moja njo itamuzuia muntu.” Akavuta kiti, akaketi mbele ya kompyuta, akapitia kila ukurasa na kila kidirisha kwa maneti peke yake, kipanya amekiweka chini ya meza. Alikuta mahali pengine palipoziba. Akapafungua pote.

Hakuondoa kipanya. Sephora bado anakitumia. Na mishale ya kibodi inafanya kazi ileile ya maneti, ili siku maneti ikiharibika papa asibaki kimya. Kila mtu anaingia kwa mlango wake.

Habari zikatembea mtaani. Mama mmoja wa kwaya, ambaye vidole vyake vimekauka kwa maumivu ya viungo, akaja kuuliza kama nyimbo zake za misa zinaweza kuwekwa hivyo. Zinaweza. Providence akamwekea. Na sasa programu zake za maduka ya dawa nazo anazijaribu kwanza bila kipanya, kabla ya kuzitoa.

Sephora naye alipata asubuhi yake. Anakunywa chai akiwa amekaa.

Halafu ikaja siku ya mvua. Soko likatawanyika mapema. Sephora akarudi amejifunika plastiki, beseni kichwani, akakuta mlango umefungwa. Alikuwa anataka kubisha. Akasikia mvua nyingine ndani ya nyumba, mvua ya Kakanda, juu ya mabati mengine.

“Germain, sikia!” Mama yake alikuwa anapaza sauti. “Hii mvua inapiga sawa bantu banamwanga mahindi ku mabati! Sijisikie hata minye mwenyewe!” Kikafuata kile kicheko, kirefu, cha mtu aliyelowa na hajali. “Weye unanisikia? Unijibu basi. Usinyamaze, sawa vile unanyamazaka.”

Sephora alikumbuka. Baba yake hakujibu hata moja ya zile sauti. Siku zile alikuwa akisema, atarudi, nitamwambia kwa mdomo.

Sauti ikaisha. Kisha baba yake akacheka. Alicheka mpaka sauti ikavunjika, na hakuna mtu aliyekuwa amesimama mbele yake kumtazama.

“Nakusikia,” alisema Papa Germain. “Nakusikia, Hélène. Huku nako inanyesha.”

Kitufe kikalia. Mvua ya Kakanda ikaanza tena tangu mwanzo.

Sephora akashusha beseni polepole lisigonge ukuta, akajibanza chini ya ukingo wa paa, akangoja.