Upande Mwekundu

Jumamosi katika soko la Pasar Baru, Bandung, hata nzi hapati pa kupita. Kwenye duka la vitambaa la ghorofa ya pili alikuwapo Imas, blauzi ya kijani, ushungi wa rangi ya maziwa, na mdomo unaojulikana soko zima. Kijana mmoja mrefu, mwenye miwani, akajipenyeza mpaka mezani.

"Neng, dada yangu, nataka kitambaa cheusi. Kisichong'aa hata kidogo."

"Pole, Kang, kaka yangu. Nani katutoka?"

"Hajafa mtu! Nataka kupigia picha moshi."

Wauzaji wa jirani wakaangua kicheko. Imas akashika kiuno. "Moshi nao unaolewa siku hizi?"

"Hauolewi, unacheza. Njoo chuoni uone."

Akaenda. Mwanamke gani angekataa mwaliko wa ajabu namna ile? Kwenye maabara ya Wiguna, maana ndilo jina la kijana, kulikuwa na bomba pana la kioo lililosimama wima. Upepo mwanana ulipanda kutoka chini, na katikati ililazwa fimbo ya chuma. Moshi ukiipita fimbo ulijikunja kushoto, ukajikunja kulia, kama kiuno cha mcheza ngoma.

"Fimbo ikipozwa, moshi hucheza kwa fujo zaidi," Wiguna alisema. "Ikipashwa moto, ngoma inakufa. Moshi unapanda wima kama askari wa gwaride."

"Kama wewe utakavyosimama mbele ya mama yangu."

"Kumbe nimeshaalikwa kwa mama?"

Mapenzi yakaanzia hapo, simu asubuhi, simu mchana, mpaka wapangaji wenzake Imas wakamwomba awahurumie masikio.

Aprili wakaja wageni waliotaka kufadhili utafiti ule. Mvua ilikuwa inamwagika. Imas alifika mapema na kifuko cha batagor, vitafunio vya moto vya samaki wa kukaanga, nguo zimemganda mwilini. Kosim, rafiki wa Wiguna tangu utoto na msaidizi wa maabara, alikuwa amekwisha kuandaa chombo na kushuka kuwapokea wageni. Imas akabaki peke yake, meno yakigongana. Nyuma ya chombo akaona swichi, upande mmoja mwekundu, upande mwingine buluu. Bila shaka ni ya kiyoyozi, akajiambia. Akaigeuzia kwenye nyekundu, akakaa kungoja joto.

Wageni wakaingia. Moshi ukapanda. Ukanyooka kama uzi! Mgeni mmoja akapiga miayo. Wiguna akazunguka nyuma ya chombo, akarudi kimya. Baadaye moshi ukaanza kujikunja, lakini wageni walikwisha kuaga.

"Nani aliyeandaa chombo?" Profesa Suhendar, mkuu wa maabara, alifoka.

"Mimi, Prof. Naapa niliacha kwenye buluu," Kosim akajibu.

"Na usikanyage tena hapa."

Imas aliyajua yote papo hapo. Ule mdomo wa soko zima haukutoa hata neno moja.

Tangu siku hiyo, Wiguna akimtaja Kosim, Imas anazungumzia mvua. Simu zikafupika. Wiguna akahisi kuna mwanamume mwingine, akaamua kuwahi.

"Mpenzi, Jumapili wazee wangu wanakuja kuleta posa."

"Usiwalete, Kang."

"Kuna nani?"

"Hakuna mtu! Ni mimi niliyegeuza ile swichi."

Wiguna akajibu kwa sauti ndogo: "Najua."

"Unajua nini?"

"Moshi ule ulinyooka kwa joto, na mle ndani ulikuwamo wewe tu. Nilizunguka nikairudisha kwenye buluu kabla hawajaiona. Nilikuwa nakulinda, Neng."

"Na Kosim alilindwa na nani?"

Wiguna akavua miwani, akaifuta. "Nilingoja useme mwenyewe."

"Nami nilingoja usijue. Kweli tumepatana, Kang. Twende kwake."

Walimkuta Kosim katika mtaa wa Cibuntu, kwenye karakana ya mjomba wake ya kutengeneza tofu, jibini la maharage ya soya, buti za mpira miguuni, mvuke umemjaa usoni.

"Lo, maharusi! Mmekuja kununua tofu au kunionyesha pete?"

Imas akasema yake akiwa amesimama. Wiguna akafuatia, akitazama sakafu yenye maji. Kosim akaweka chini kitambaa cha kukamulia.

"Kazi ningepata nyingine," alisema. "Lakini mlinifanya nijishuku. Nikizima jiko hapa, narudi kuangalia, na tena narudi. Mama akiniuliza kama kweli niliacha kwenye buluu, namwambia labda sikuacha. Hilo mtanirudishiaje?"

"Vaa viatu, Kang Kosim," Imas akasema huku machozi yakimtiririka. "Tunakwenda kwa Profesa sasa hivi. Nitasema mimi, na wewe usikie."

"Na posa?" Wiguna aliuliza kwa woga.

"Muulize Kosim. Akikubali yeye, nami nimekubali."

Kosim akavua buti, mguu mmoja, kisha wa pili. Alimtazama rafiki yake wa utotoni.

"Leo jibu ni hapana," alisema. "Mniulize tena Profesa akishasikia."